Kakao ya shamba dogo: kutoka mche hadi gunia, bila fungu kupoa

Siku ya tatu jioni, zamisha mkono kwenye kakao uliyoivundika. Ukikuta joto linalokufanya uutoe mkono upesi, uko sawa. Ukikuta vuguvugu la maji ya kumwogeshea mtoto, huna kakao. Una mbegu zenye ute zinazooza polepole.

Mimi kwa misimu mitatu nilizamisha mkono nikakuta vuguvugu. Nina nusu ekari Kyela, na nilikuwa nafuata kila nilichoambiwa: siku sita, majani ya migomba, kugeuza. Siku moja nilipopeleka mali, mzee aliyekuwa akipokea mizigo alichota punje kumi kwenye gunia langu, akazikata kwa kisu mbele yangu. Saba zilikuwa za zambarau, mbili za kijivu kama ubao wa sleti, na moja tu ndiyo ya kahawia.

"Mwanangu," akasema, "hii umeianika. Hujaivundika."

Nikabisha. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Ulivundika kilo ngapi mbichi?"

"Kumi na tano, mzee."

Akacheka, akafunga gunia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kilo kumi na tano. Huku kwetu wengi tunasema kokoa, vitabuni ni kakao; na kuvundika ndiko wataalamu wanakokuita kuchachusha.

Hesabu kabla ya jembe

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua mikakao kama 450. Mti uliotunzwa vizuri unaweza kukupa kilo moja kavu kwa mwaka, hata zaidi. Mti uliotelekezwa haufiki nusu kilo. Na kakao haiivi kwa mpigo kama mpunga. Inaiva kidogo kidogo, nawe unapita kila baada ya wiki mbili au tatu, tuseme mara 20 kwa mwaka.

Nusu ekari ina miti 225. Kila mti ukikupa nusu kilo, una kilo 112 kavu kwa mwaka. Gawanya kwa 20: hazifiki kilo 6 kavu kwa kila mchumo. Kilo 100 za mbegu mbichi hukauka zikabaki 35 hadi 40, kwa hiyo kilo 6 zako zilikuwa kama 15 zikiwa mbichi. Ndizo zile alizozicheka mzee.

Joto la kuvundika huletwa na hamira na bakteria wanaokula sukari iliyo kwenye ute mweupe. Fungu dogo hupoteza joto hilo pembeni kabla halijakolea, kama uji wa kikombe unavyopoa wakati wa sufuria bado unafuka. Lenga kilo 50 mbichi kwa uchache. Hizo ni matunda kama 400 hadi 500. Kazi yote ya shambani ninayoieleza hapa chini ina shabaha moja: upate matunda mia nne mabivu, mazima, siku moja.

Mahali na kivuli

Mkakao unapenda joto la nyuzi 21 hadi 32 za Selsiasi, mvua ya milimita 1,500 au zaidi iliyosambaa vizuri kwa mwaka, na udongo wenye kina cha walau mita moja na nusu. Sisi tulio chini ya milima ya Rungwe, kandokando ya Ziwa Nyasa, mvua hatuililii. Tatizo letu ni maji yanayotuama. Sehemu ambayo mwezi wa nne unapita umevua viatu, iachie mpunga.

Usipande mkakao juani. Tanguliza migomba miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya miche, ili mche ukifika ukute kivuli tayari. Kati yake panda miti ya kudumu, mmoja kila mita 12 hadi 15: glirisidia au miti mingine ya jamii ya mikunde, minazi, miparachichi. Mche mchanga unataka kivuli kizito. Miti ikishakomaa punguza, mpaka saa sita mchana ukitazama chini uone madoa ya jua yamesambaa juu ya majani makavu. Pakiwa giza, ukungu utakushinda. Pakiwa peupe, majani yataungua na mti utachoka mapema.

Wengine huing'oa migomba yote mikakao ikikua. Usifanye hivyo. Majani yake utayahitaji kwenye sanduku la kuvundikia, na magogo yake yanayooza yana kazi nyingine nitakayoitaja baada ya kidogo.

Mche

Chagua matunda mabivu ya katikati ya shina, kutoka kwenye miti kadhaa unayojua inazaa vizuri kila mwaka. Nasema kadhaa kwa makusudi. Mikakao mingi haikubali chavua yake yenyewe, kwa hiyo shamba lililotokana na mti mmoja tu linaweza kuchanua mpaka ukashangaa na lisizae. Kama kituo cha utafiti au kitalu cha ushirika kina mbegu chotara, changanya na zako.

Mbegu ya kakao haihifadhiki kama mahindi. Ikitoka kwenye tunda hufa ndani ya siku chache, na ikikauka ndiyo basi. Pasua tunda leo, sugua mbegu kwa majivu au vumbi la mbao uondoe ute, panda leo au kesho. Tumia viriba vya sentimita kama 18 kwa 25. Laza mbegu kifudifudi, ifukie kina cha pingili ya kidole, weka kitalu chini ya kivuli, mwagilia bila kulowesha kupita kiasi. Ukipanda kitaluni mwezi wa sita, miche itakuwa tayari mvua za Novemba na Desemba zikianza. Shimo la sentimita 40 kila upande linatosha, na udongo wa juu ndio utangulie kurudi chini.

Utaanza kuvuna mwaka wa tatu au wa nne.

Kisu cha kupogolea na vijidudu vya maua

Mkakao uliotokana na mbegu hupanda wima, kisha kwenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu hugawanyika matawi matatu hadi matano kama mwavuli. Hapo ndipo umbo la mti linapoamuliwa. Baadaye shina litaendelea kutoa maotea yanayokimbilia juu. Yakate yangali laini. Mti usizidi mita nne. Ukizidi huwezi kuona matunda wala kuyafikia, na tunda usilolifikia ndilo litakaloozea huko juu na kumwagia wenzake ugonjwa.

Maua hutoka kwenye shina na matawi manene, juu ya vinundu vidogo. Kila kinundu kinatoa maua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukikichubua umepoteza mavuno ya miaka. Wanaochavusha maua haya si nyuki. Ni vijidudu vidogo sana, wadogo kuliko mbu, wanaozaliana kwenye majani yanayooza na kwenye magogo ya migomba yaliyokatwa. Shamba lililofagiliwa likawa kama uwanja wa nyumba linapendeza macho, ila halizai. Acha majani yaliyoanguka palepale. Magogo ya migomba yakate vipande uyatawanye.

Hata hivyo usitarajie kila ua liwe tunda. Ni asilimia chache sana zinazofika, na matunda machanga mengi hunyauka na kuwa meusi yakiwa na ukubwa wa kidole. Hilo ni la kawaida. Mti unapunguza mzigo wake wenyewe. Nimeona watu wakipiga dawa kwa ajili ya hilo. Ni hela iliyomwagwa.

Kuoza kwa matunda

Ugonjwa unaostahili hasira yako ni huu. Doa la kahawia linaanza kwenye ganda, linapanuka siku hadi siku, na ndani ya wiki mbili tunda zima ni jeusi lenye unga mweupe juu. Unapenda mvua, kivuli kizito na hewa iliyosimama.

Pita kila wiki wakati wa mvua. Chuma kila tunda lenye doa, lifukie au lipeleke mbali na shamba. Usiliache chini ya mti, kwani matone ya mvua hurusha vimelea kutoka ardhini hadi kwenye matunda ya chini. Pogoa hewa ipite. Dawa za kopa, yaani zenye madini ya shaba, zinasaidia zikipigwa kabla ugonjwa haujashika, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, ukiwa umejifunika mdomo na mikono. Ila dawa bila kuchuma yaliyooza ni kama kudeki huku bomba linavuja.

Panya, tumbili na kuchakulo watachukua fungu lao. Vuna kwa wakati, wakose cha kuchagua.

Kuvuna

Tunda la kijani likiiva huwa la njano. Jekundu huelekea rangi ya machungwa. Ukiwa na shaka, likwaruze kidogo kwa ukucha: likiwa la kijani chini ya ngozi, bado.

Tunda bichi halina sukari ya kutosha kwenye ute, na bila sukari hakuna joto. Tunda lililopitiliza, mbegu zimeanza kuota ndani. Punje iliyoota ina tundu, na tundu ni mlango wa ukungu na wadudu. Vyote viwili hushusha daraja. Najua kinachotufanya tuvune bichi: wezi, na ada ya shule. Kwa wezi, dawa tuliyoipata kwetu ni majirani kuvuna siku moja na kulinda pamoja. Kwa ada, sina jibu, ila nakusihi usichanganye mabichi na mabivu kwenye sanduku moja.

Kata kikonyo kwa kisu kikali au mkasi. Usivute, usizungushe tunda mpaka ling'oke. Vile vinundu vya maua vitaondoka nalo. Kwa matunda ya juu tumia ndoano yenye makali iliyofungwa kwenye ufito mrefu.

Sasa rudi kwenye zile mia nne. Matunda mazima yanaweza kukaa siku tatu hadi tano kivulini kabla ya kupasuliwa bila kuharibika. Wengine hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu ute hupungua maji na kakao hutoka na ukali kidogo. Wewe tumia siku hizo kukusanya. Vuna upande mmoja wa shamba Jumatatu, mwingine Jumatano, pasua yote Alhamisi. Lile lililokatwa kwa bahati mbaya au lililoguswa na panya halingoji: lipasue siku hiyohiyo au litupe.

Kupasua

Panga linapasua haraka na linakata mbegu haraka zaidi. Mbegu iliyokatwa ganda itaota ukungu. Tumia rungu la mti au gonga tunda kwa tunda. Toa mbegu kwa vidole, uache ule uzi wa katikati unaozishikilia; ukiuchanganya humo, mbegu zitashikana mabonge na zitakauka vibaya. Tenga zilizooza, zilizo nyeusi, zilizoota na vipande vya ganda.

Watoto watakuja, ni lazima. Ute wa kakao mbivu ni mtamu na una uchachu kama wa stafeli. Wape tunda lao wale, lakini punje walizofyonza zisirudi kwenye ndoo. Nilikuwa naona ni uchoyo wa mama yangu kukataza, kumbe punje iliyofyonzwa haina tena sukari ya kuvundikia.

Maganda yaliyobaki yana potasiamu nyingi. Yalundike mbali na miti mpaka yaoze kabisa, ndipo uyarudishe kama mbolea.

Kuvundika

Hapa ndipo ladha ya chokoleti inapozaliwa au kuuawa, na hakuna mchoma kakao wa Ulaya awezaye kuirudisha ikishapotea.

Sanduku kwanza. Mbao ngumu isiyo na harufu wala rangi inayotoka, isiyopakwa dawa ya mchwa. Sentimita 40 kila upande, kwa ndani, linabeba kama kilo 50 mbichi. Toboa matundu ya unene wa kidole kwenye sakafu, ili maji ya ute yatoke, na uliinue juu ya matofali. Misumari isitokeze ndani. Tengeneza mawili, ili kugeuza iwe ni kuhamisha kutoka moja kwenda jingine. Liweke chini ya paa, mahali ambapo upepo hauvumi, mbali na zizi na mbali na jiko.

Tandika majani ya migomba chini na pembeni, uyatoboe kidogo maji yapite. Mimina mbegu zote za siku moja. Usiongeze za kesho. Za kesho zitakuwa nyuma kwa siku nzima, na mwishoni utakuwa na zambarau na kahawia gunia moja. Funika kwa majani, kisha magunia safi mazito.

Kisha mambo yanakwenda hivi. Siku ya kwanza hamira zinafanya kazi bila hewa, zinageuza sukari kuwa kilevi, na maji meupe yanatiririka chini. Harufu ni ya pombe changa. Usifungue. Baada ya saa 48 geuza: toa zote, vunja mabonge kwa mikono safi, za juu ziende chini na za pembeni ziende katikati. Sasa hewa imeingia, na bakteria wa siki wanachukua zamu. Harufu inakuwa kali puani, joto linapanda hadi nyuzi 45 au 50. Joto hilo pamoja na siki vinaua kiinitete ndani ya mbegu. Punje ikishakufa, kuta zake za ndani zinaachia, vilivyokuwa vimetengana vinachanganyika, uchungu unapungua, na rangi ya zambarau inaanza kuwa kahawia. Ndiyo maana mzee alinicheka: punje zangu hazikuwa zimekufa vizuri. Zilikaushwa zingali hai.

Baada ya hapo geuza kila siku. Siku ya tano kata punje chache kwa urefu. Ukiona maji ya kahawia yenye wekundu ndani, na pete ya kahawia ikiingia kutoka pembeni kwenda katikati, umekaribia. Rangi itaendelea kubadilika wakati wa kukausha. Kwa kakao yetu ya kawaida ni siku tano hadi sita, saba kukiwa na baridi. Harufu ya siki ikigeuka kuwa ya kitu kilichooza au ya mkojo, umepitiliza. Toa zote saa hiyohiyo uanike.

Kipimajoto cha kuchoma kwenye fungu kinasaidia. Mimi bado natumia mkono.

Ukiwa huna kilo 50

Njia iliyotufaa ni kuungana. Tuko kaya nne. Tulikubaliana siku ya kupasua, kila baada ya wiki mbili, na kila mmoja huleta mbegu zake mbichi kwenye sanduku la mwenye zamu. Mzozo wa kwanza ulitokea wiki ya kwanza, juu ya mizani. Mmoja wetu alileta ndoo yenye maji ya ute, mwingine alikuwa amechuja. Sasa kila mtu anachuja dakika kumi kwenye chekeche, wote tukiangalia, ndipo tunapima. Uzito unaandikwa kwenye daftari na kila mtu anatia saini. Mbegu mbovu zinatolewa kabla ya kupima, si baada. Kakao ikikauka tunagawana kwa uwiano wa daftari: aliyeleta kilo 20 kati ya 60 anachukua theluthi moja kavu. Mwenye sanduku hupewa kilo moja kwa kazi ya kugeuza.

Njia ya pili ni kulizungushia sanduku dogo godoro chakavu au magunia mengi, joto lisitoke. Kwa kilo 30 hivi nimewahi kupata kakao ya kahawia kwa namna hiyo. Chini ya hapo sikufanikiwa hata mara moja.

Ya tatu ni kuuza mbegu mbichi kwa anayevundika kwa wingi. Kijijini Mbingu, wilayani Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili ilianza mwaka 2013 kufanya hivyo: inanunua mbichi kwa wakulima, inavundika na kukausha sehemu moja. Kakao hiyo ilifika mpaka San Francisco, ambako kampuni ya Dandelion ilitengeneza chokoleti na kuandika jina la Kokoa Kamili kwenye karatasi yake. Kabla hujauza mbichi, uliza ofisi ya ushirika taratibu za wilaya yako, na kataa kabisa yule anayekuja na fedha kununua matunda yangali mtini. Bei yake ni bei ya shida yako.

Kukausha

Kichanja cha mkeka au wavu, kimeinuliwa kufika kiunoni. Usianike barabarani, wala chini penye kuku. Lami ina mafuta, na magari yana moshi.

Siku mbili za kwanza usiwe na haraka. Tandaza unene wa sentimita tano hivi na geuza kila nusu saa au saa moja. Ukizitandaza nyembamba kwenye jua kali mara moja, ganda linakakamaa na siki inafungiwa ndani. Kakao itakuwa chachu hata ikichomwa. Kuanzia siku ya tatu punguza unene mpaka punje zikae tabaka moja au mbili, na geuza mara chache zaidi. Toa zilizoshikana, zilizo bapa na takataka wakati huohuo, mikono ikiwa ina kazi.

Jioni kusanya, funika. Kwetu mvua haibishi hodi, kwa hiyo weka paa la nailoni angavu juu ya kichanja, lililo wazi pande zote hewa ipite, au vichanja vinavyosukumwa kuingia chini ya paa. Ikinyesha siku tatu mfululizo, tandaza ndani ya nyumba na ugeuze usiku pia. Usiziweke juu ya moto wa kuni. Moshi unaingia kwenye punje na hautoki. Mnunuzi atausikia kwenye punje ya kwanza, na gunia zima litahukumiwa kwa hiyo.

Siku saba za jua hutosha kwa kawaida. Unyevu unaotakiwa ni kama asilimia 7. Ikizidi 8 ukungu unaota gunia likiwa limefungwa, ikishuka chini ya 6 maganda yanapasuka ovyo. Kama hamna mashine, fumbata punje na uminye: zilizokauka zinalia, ganda linavunjika na kutoka, na punje inakatika kwa sauti. Punje inayopinda, irudishe juani.

Jikate mwenyewe kabla hujakatwa

Kipimo rasmi hukata punje 300. Nyumbani kata 100, uchukue kutoka juu, katikati na chini ya gunia. Kata kwa urefu, zipange kwenye kipande cha ubao, zihesabu.

Kahawia yenye nyufa ndani kama ubongo: imevundikwa vizuri. Zambarau: bado kidogo, chache hazidhuru. Kijivu, ngumu, imeshikamana kama sleti: haikuvundikwa kabisa. Kisha hesabu zenye ukungu, zenye tundu la mdudu, zilizoota na zilizo bapa. Kwa viwango vya kimataifa, daraja la kwanza halizidishi asilimia 3 ya zenye ukungu, asilimia 3 za sleti, na asilimia 3 kwa zile zenye wadudu, zilizoota na bapa zikijumlishwa. Punje 100 zinapaswa kuwa na uzito wa walau gramu 100.

Andika matokeo kwenye daftari pamoja na tarehe, kilo mbichi, siku za kuvundika na hali ya hewa. Baada ya michumo mitano utajua kosa lako liko wapi bila kumwuliza mtu.

Ghala na siku ya kuuza

Gunia la katani, jipya au lililofuliwa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kakao inavuta harufu kama siagi. Isilale chumba kimoja na mafuta ya taa, dawa za shamba, sabuni, wala usipa, wale dagaa wa ziwani. Hilo la usipa nalisema kwa sababu sisi wa kando ya ziwa nyumba zetu zina usipa, na niliwahi kurudishiwa gunia lililokuwa limevundikwa vizuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Aliyenirudishia hakulikata hata punje moja. Alinusa tu.

Kyela mali inapitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, na stakabadhi ghalani: unaweka mali ghalani, unapewa stakabadhi, kisha mnada. Uzuri wake ni kwamba mizani iko mbele ya watu. Ubaya wake, kwa maoni yangu, ni kwamba kakao yako nzuri ikichanganywa na ya aliyevundika siku mbili, mnauza kwa bei moja. Kundi letu limeomba mzigo wetu upokelewe na kurundikwa peke yake, na baada ya kubishana kidogo tumekubaliwa. Nanyi ombeni, mkiwa na daftari mkononi.

Bei ya dunia usiifanye msingi wa mipango. Machi 2024 tani moja ilipita dola 10,000 kwa mara ya kwanza, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipoanguka. Mwaka 2025 ikashuka sana. Jambo lingine la kulijua mapema: Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayokataa kakao iliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kudai alama za mahali shamba lilipo. Akija mtu wa ushirika na simu kupima mipaka ya shamba lako, mpitishe kwenye kona zote.

Siku ya kupeleka, toa kikombe kimoja cha punje kutoka kila gunia, kitie kwenye chupa safi ya mfuniko, uandike tarehe na namba ya gunia, uifiche kabatini. Pima nyumbani, pima tena ghalani, shika stakabadhi yako kabla hujapanda bodaboda. Mtu akisema mali yako ilikuwa ya zambarau, mpelekee chupa na kisu.